Vocha ya Ng'ambo: Historia Fupi ya Laini, Vifurushi na Mipaka

Ndugu Mhariri ameniomba niandike jambo la historia, kwa kuwa ndilo somo nililosomea Mlimani kabla sijaingia kazini serikalini. Najua alitarajia Maji Maji, au historia ya shule yetu wenyewe. Ya Maji Maji yameandikwa na wenye elimu kunizidi, na ya shule wanayajua zaidi wazee wetu walioanza pale wakati taa za bwenini zilikuwa za karabai. Mimi nimechagua historia ndogo, ambayo hata hivyo imegusa mfuko wa kila mmoja wetu aliyepata kukaa ng'ambo kwa masomo au kwa kazi. Nayo ni historia ya laini ya simu inayolipiwa kabla, na ya kile kitu tunachokiita kifurushi.

Nimekaa ng'ambo mara mbili kwa ruhusa ya masomo: mwaka mmoja Uingereza, 2008 hadi 2009, na miaka miwili Ujerumani, mjini Bonn, 2018 hadi 2020. Mara zote mbili niliweka daftari la matumizi. Mke wangu husema huo ni ubahili. Mimi nasema ni mazoea ya kazi. Katika daftari hilo ukurasa wa simu ndio ulionisumbua kuliko wa chakula, maana bei ya mkate imebandikwa juu ya mkate, lakini bei ya simu hapana budi uitafute. Na kila nilipoitafuta nilikuta kwamba imetokana na uamuzi wa watu fulani, katika mwaka fulani, na kwamba nusu yake haikuwa ng'ambo hata kidogo.

Wale waliotutangulia, waliosoma Leipzig, Moscow na Leeds katika miaka ya 70, walikuwa na ile karatasi ya buluu ya barua za ndege, inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Bei yake ilikuwa moja, kila mtu aliijua, na haikuwa na tarehe ya kwisha muda. Ila mtu aliweza kusoma habari ya msiba wakati arobaini imekwisha pita. Simu ilikuwepo, ya kuombwa kwa opereta, na mwanafunzi wa kawaida hakuithubutu.

Kilichobadili mambo ni kijikadi. Katika simu za mkononi za awali namba ya mteja ilifungwa ndani ya simu yenyewe. Ukitaka kubadili simu, ulirudi kwa kampuni. Wahandisi wa Ulaya waliotunga utaratibu wa GSM waliamua kumtenganisha mteja na chombo chake: utambulisho wake uwekwe katika kadi, na kadi iingie katika simu yoyote. Tarehe 1 Julai 1991 huko Finland, Harri Holkeri, aliyekuwa ametoka kwenye uwaziri mkuu miezi michache tu nyuma, alipiga simu ya kwanza ya GSM katika mtandao wa Radiolinja, akazungumza na Kaarina Suonio, naibu meya wa mji wa Tampere. Kadi za kwanza zilitoka Munich, kwa Giesecke & Devrient, kampuni ambayo kazi yake ya asili ni kuchapa noti za benki. Zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, nazo zimekuwa zikikatwa kandokando tangu hapo hadi kubaki ukucha. Kwa msafiri maana yake ilikuwa kubwa: alivuka mpaka na simu yake, akanunua kadi ya wenyeji, akawa mwenyeji kwa namba.

Lakini kadi ilikuja na mkataba. Mkataba ulitaka akaunti ya benki, anwani ya kudumu na sifa ya kulipa madeni. Ndipo mwaka 1995 kampuni ya TMN ya Ureno ilipotoa Mimo, ambayo hutajwa kuwa huduma ya kwanza ya GSM ya kulipia kabla, na makampuni mengine yakafuata haraka. Watangazaji waliiita uhuru. Nathubutu kusema kwamba asili yake ni kutoaminiwa: ilibuniwa kwa mtu ambaye kampuni haina hakika kama atalipa mwisho wa mwezi. Basi ilitufaa sisi, ambao wengi hatukuwa na akaunti benki, na nchini kwetu, ambako simu za mkononi zilianza mwaka 1994 na Mobitel, vocha ya kukwangua ikawa ndiyo simu yenyewe. Mtoto wa leo hajui kwamba kuna watu wanaoongea kwanza na kulipa baadaye.

Mgeni huko Ulaya alikuwa katika kundi hilo hilo. Nilipofika Uingereza Septemba 2008, mikataba ndiyo iliyokuwa na bei nzuri, lakini muuzaji alitazama kwanza historia ya mikopo ya mteja, na mimi historia yangu yote ilikuwa Kinondoni. Hapa niwape jambo ambalo wengi wa vijana wetu hawalijui. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kuandikishwa katika daftari la wapiga kura la huko, na daftari hilo ndilo wanaloangalia wakopeshaji kuthibitisha anwani ya mtu. Niliandikishwa, nikawa mpiga kura katika nchi isiyo yangu, almuradi nipate simu! Hata hivyo majina yalichukua muda kuingia, nami mwaka wangu wa masomo ulikuwa unakwenda. Nilibaki na vocha.

Wakati huo laini ilikuwa kitu kimoja na simu ya nyumbani kitu kingine. Madirisha ya maduka madogo yalikuwa yamebandikwa kadi za kupigia simu nje, zenye bendera za nchi zetu na dakika zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa. Ulinunua kadi ya paundi 5, ukakwangua, ukapiga namba ya kuingilia, kisha namba ya siri, kisha namba ya nyumbani. Mwanamke mmoja akakutajia dakika ulizonazo, na hizo dakika hukuzipata kamwe. Palikuwa na ada ya kuunganishwa. Palikuwa na kukadiria muda kwa dakika tatu tatu, ili aliyeongea dakika moja alipie tatu. Palikuwa na ada ya matunzo iliyokula kadi ikiwa imelala mfukoni. Yote yaliandikwa, kwa herufi za kuhitaji miwani. Katika daftari langu nilianza kulinganisha kadi kwa dakika nilizozungumza hasa, si zilizotangazwa, na mpangilio wa bei ukageuka juu chini: kadi iliyotangaza dakika chache ndiyo mara nyingi iliyodumu. Makampuni ya laini za wahamiaji, Lebara tangu 2001 na Lycamobile tangu 2006, yalikuta watu wamekwisha chokeshwa na kadi hizo. Yakaja na laini moja ya kupiga moja kwa moja, nayo yakawashinda wauza kadi.

Mtaniuliza, na intaneti? Ilikuwepo. Wanafunzi tulinunua modemu ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, ya kulipia kabla, GB 1 kwa paundi 10 na GB 3 kwa paundi 15, nayo ikafa baada ya siku 30 hata kama hukuigusa. Skype ilikuwa imeanza tangu 2003. Lakini Skype na nani? Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, wakati mimi nafungasha. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita zaidi kwa setilaiti, ya taratibu na ya ghali. Mama yangu Mbinga alikuwa na simu ya tochi na akili ya kubipu. Alibipu mara moja kumaanisha hajambo, mara mbili kumaanisha piga. Kifurushi bora kuliko vyote vya Uingereza kisingalinisaidia hapo, maana upande wa pili wa kamba haukuwa na intaneti. Nalisema hili mapema kwa sababu nitalirudia.

Sasa nije kwenye mipaka, ambako ndiko historia hii inakonoga. Mtu akivuka mpaka na laini yake, kampuni ya kule inamhudumia na kuitoza kampuni yake ya nyumbani, nayo inamtoza yeye na kuongeza juu. Romingi hiyo ilikuwa mgodi wa dhahabu. Ulaya, yenye mipaka mingi na nchi ndogo ndogo, ilihangaika nayo miaka kumi. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa kwanza: senti 49 za euro kwa dakika ya kupiga na senti 24 kwa kupokea, bila kodi. Mwaka 2012 ukomo wa data uliwekwa kuwa senti 70 kwa MB moja. Fanyeni hesabu: GB moja kwa bei hiyo halali ni euro 700. Mnamo tarehe 15 Juni 2017 ada hizo zikafutwa, mtu akatumia laini yake katika nchi zote za Umoja kama yupo kwake. Na bei ya jumla ambayo kampuni ya ugenini iliruhusiwa kuitoza kampuni ya nyumbani kwa GB hiyo moja iliwekwa kuwa euro 7.70 mwaka 2017, ikashushwa mwaka hata mwaka hadi euro 1.30 mwaka 2025. Minara ni ile ile, wala mawimbi hayakupungua uzito.

Lakini waliotangulia si wao. Septemba 2006 Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania na kuiita One Network: mteja wa Dar es Salaam akiwa Kampala alipiga kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, na akaweza kuongeza salio kwa vocha aliyoinunua pale pale Kampala. Hakuna aliyewalazimisha, ilikuwa biashara, na wakati huo Ulaya ilikuwa bado inabishana juu ya senti 49. Kampuni ikawa Zain mwaka 2008, ikauzwa kwa Airtel ya India mwaka 2010. Serikali nazo zikaja baadaye: mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza mpango wa kupunguza bei za simu kati yao, sisi hatukuwamo katika kundi la kwanza. Mwalimu akitaka mfano wa somo la uraia kuonyesha kwamba mpaka wa bei unachorwa na kufutwa kwa kalamu, anao hapa Afrika Mashariki, asiende mbali. Na kwamba unaweza kuchorwa upya Waingereza wameonyesha: walipotoka katika Umoja wa Ulaya, baadhi ya makampuni yao makubwa yalirudisha ada za kila siku mwaka 2022.

Bonn nilifika mwaka mmoja baada ya mipaka kufutwa. Nilishangazwa na mambo mawili. La kwanza, laini zilikuwa zinauzwa na wenye kuuza vitu vingine kabisa. Aldi, duka la unga na sabuni, linauza laini tangu mwaka 2005. Tchibo, kampuni ya kahawa ya Hamburg, tangu 2004. Mama yangu Mbinga anauza kahawa, na mimi nilikwenda kwa muuza kahawa kununua namna ya kumpigia. Nilipouliza kwa undani nikaona majina yalikuwa mengi lakini minara ilikuwa ya makampuni matatu tu, Telekom, Vodafone na Telefónica, wengine wote wakinunua kwao na kuuza tena. Basi swali la kwanza kwa mwenye kulinganisha halikuwa bei bali mnara: unaishi wapi, na njia yako ya treni inapita bonde lipi? Mwenzangu mmoja alisifu kifurushi chake cha bei poa wiki nzima, mpaka tulipopanda treni kufuata mto Rhine kwenda kusini akakaa kimya kwa muda wa saa nzima.

La pili ni uandikishaji. Uingereza nilichukua laini kama mtu anavyochukua kiberiti. Ujerumani, tangu tarehe 1 Julai 2017, laini ya kulipia kabla haiwashwi mpaka muuzaji amethibitisha kitambulisho. Nami nilikwenda posta na pasipoti, karani akaitazama mbele na nyuma kwa heshima kubwa. Ile kadi iliyobuniwa kwa mtu asiyejulikana sasa inataka kumjua kuliko benki. Kwetu sheria ya kusajili laini ilikuja mwaka 2010, na alama za vidole mwaka 2019, jambo ambalo lina kisa chake, nacho kinakuja.

Kuhusu vifurushi vyenyewe nitasema machache, kwa kuwa bei zimebadilika tangu hapo. Mwezi wa simu Ujerumani haukuwa mwezi. Ulikuwa wiki nne. Siku 365 ukigawa kwa 28 unapata 13, kwa hiyo kifurushi cha euro 9.50 kwa wiki nne ni euro 123.50 kwa mwaka, na kile cha euro 10 kwa mwezi wa kalenda ni euro 120. Kilichoonekana rahisi ndicho ghali, na tofauti hiyo haikuandikwa popote. Jambo jingine ni kinachotokea kifurushi kikiisha. Kwetu wakati huo kikiisha, salio la kawaida lilianza kuliwa, na mtu akashtuka limebaki shilingi sita. Kule mara nyingi hawakukutoza zaidi, bali walikupunguzia kasi hadi kilobiti 64 kwa sekunde. Picha moja ya MB 1 ilichukua dakika mbili na ushee kufika. Nimeyapima yote mawili na sina hakika kuwa la kwao ni la upole zaidi, maana anayesubiri picha ya mgonjwa naye analipa kwa namna yake.

Na huko kufutwa kwa mipaka kulikuwa na masharti. Laini ya kulipia kabla yenye data nyingi kwa bei ndogo iliruhusiwa kubana kiasi cha kutumia ng'ambo ya mpaka. Wala huwezi kununua laini rahisi ya Lithuania ukaishi nayo Bonn. Kampuni inaruhusiwa kutazama miezi minne, na ikiona unashinda zaidi ugenini na kutumia zaidi huko kuliko kwako, inakuonya kisha inakutoza. Uswisi haimo katika Umoja. Treni ya kusini inapokaribia Basel simu hudaka mnara wa Waswisi bila kuuliza, na waliozoea safari hiyo walizima data mapema, kama mtu anavyofunga dirisha kabla ya vumbi.

Sasa nirudi kwenye kamba na ncha yake ya pili. Mwaka 2018 mama alikuwa na simu ya kisasa niliyomwachia, na WhatsApp aliyofundishwa na wajukuu. Kupiga simu kutoka Bonn kulikuwa bure, ndivyo tulivyoambiana sote. Daftari langu lilisema vingine. Kifurushi changu kilikuwa euro 8 hivi kwa wiki nne. Katika muda huo huo nilikuwa namtumia mama vocha ya shilingi 10,000 mara mbili, ili awe na data ya kupokelea hiyo simu ya bure, na shilingi 20,000 kwa euro ya mwaka 2019 zilikuwa karibu na euro 8 vile vile. Nusu ya bei ya simu yangu ya Bonn ililipwa Mbinga. Zamani kupokea simu hakukumgharimu mama chochote. Alibipu nami nikalipa yote kwa mwenye kadi. Siku hizi aliye nyumbani naye ananunua ncha yake, na asiye na mtoto wa kumtumia vocha hapatikani, hata mtoto wake awe na kifurushi kisicho na ukomo. Katika majedwali yote ya kulinganisha laini niliyoyasoma, ya Kiingereza na ya Kijerumani, sijaona hata moja lenye safu ya mama.

Kisa cha alama za vidole ni hiki. Kwetu usajili huo ulianza Mei 2019, na mwisho wake uliokuwa tarehe 31 Desemba ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Mimi nilikuwa nimekuja likizo Julai nikaweka kidole. Mtanzania mwenzangu pale Bonn, ambaye sitamtaja, hakuwa na nauli ya kurudi, na kidole hakitumwi kwa posta. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa ukoo wao. Michango yote ilikaa katika laini yake ya nyumbani, kwenye akaunti ya fedha ya simu. Laini ikafungwa. Hakujua, kwa kuwa WhatsApp iliendelea kufanya kazi kwa namba ile ile. Programu hiyo ikishathibitisha namba mara moja haiulizi kila siku kama namba ingali hai. Alijua Februari, alipofariki mjomba wake na ndugu wakamwomba atoe fedha za jeneza na usafiri. Fedha zilikuwepo, zilikuwa zao, na hazikutoka. Mazishi yalifanyika kwa mkopo wa jirani. Kisha ikaja korona, ndege zikasimama, naye akakaa miezi mingine na deni lile, akimtumia jirani huyo euro kidogo kidogo. Tulipika ugali pamoja jioni nyingi na sikumsikia akilinganisha vifurushi tena.

Tangu nirudi teknolojia imepiga hatua nyingine. Kadi yenyewe inaondoka: laini ya kielektroniki, isiyo na kadi, ilipata utaratibu wake mwaka 2016, na mwaka 2022 Apple ilitoa iPhone 14 ambayo kwa soko la Marekani haikuwa na tundu la kadi kabisa. Kijana anaweza kununua kifurushi cha Ulaya akiwa bado Julius Nyerere anasubiri ndege. Ni jambo jema, ila vifurushi vingi vya namna hiyo ni vya data tupu, havina namba ya simu, na benki na ofisi za kule zinataka namba. Tena simu yenye nafasi moja tu ya kadi itamlazimisha aitoe laini ya nyumbani, ile yenye jina lake, vidole vyake na fedha zake. Mpwa wangu aliyeondoka Septemba tulimtafutia simu inayobeba zote mbili, ya nyumbani katika kadi na ya ugenini bila kadi. Tukaiweka ya nyumbani salio dogo la kuongezwa kila baada ya miezi miwili, data ya romingi ikazimwa, na michango ya ukoo ikahamishiwa kwa dada yake aliyeko Songea.

Wazazi wenye vijana wanaoondoka mwaka huu, na wanaotaka kuona hesabu zenyewe, wanione siku ya mkutano wetu baada ya chakula. Nitakuja na madaftari yote mawili.